Tangazo linataka "msichana mwenye mvuto, miaka 20 hadi 28": mwajiri anachagua tu au kavunja sheria?

Swali la msomaji: "Shikamoo kaka mwanasheria. Nimekutana na tangazo la kazi ya mapokezi na kutunza kumbukumbu za ofisi. Masharti yake ni awe msichana mwenye mvuto, umri miaka 20 hadi 28, asiwe na ndoa wala mtoto mdogo, awe na digrii na uzoefu wa miaka mitano, aongee Kiingereza kama mzawa, aambatishe picha ya mwili mzima na ataje dini yake. Mimi nina miaka 34, nimeolewa, nina watoto wawili, na kazi hii nimeifanya miaka sita kwa cheti tu. Shemeji yako anasema mwenye kampuni ana haki ya kumchukua anayemtaka, hela ni zake. Ni kweli? Na kama sio kweli nafanyaje?"

Marahaba mdogo wangu. Nianze na shemeji, maana hoja yake ndo naisikia kila siku na nusu yake ni kweli. Mwajiri ana haki ya kuchagua, hakuna anayemlazimisha amchukue mtu fulani, anaweza kukukataa kwa sababu barua yako imejaa makosa, umechelewa usaili, kuna mwenzako kajibu vizuri zaidi, au hamkuelewana tu kwenye maongezi, na hapo huna pa kwenda hata uumie vipi. Ila kuna sababu chache ambazo sheria imezitaja kwa jina kwamba hizi usimchuje mtu kwa ajili yake, na kwenye hizo hata hela ziwe za babu yake haimsaidii kitu.

Halafu kabla sijaendelea niruhusu nicheke kidogo. Umri kuanzia miaka 20, digrii, na uzoefu wa miaka mitano. Huyo wa miaka 20 alianza kazi akiwa na 15, huku akisoma chuo kikuu? Tangazo la hivi linaniambia hakuna mtu aliyekaa chini akajiuliza kazi yenyewe inahitaji nini, wamekopi huku wakabandika kule. Naomba ulishike hilo, maana kesi nyingi za ubaguzi kwenye ajira waajiri wanashindwa hapohapo, wanaulizwa sharti hili limetoka wapi wanabaki wanatazamana.

Sasa sheria inasemaje. Msingi wa karibu dunia nzima ni Mkataba Namba 111 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1958, umeridhiwa na nchi zaidi ya 170, na unasema ubaguzi ni kumtofautisha mtu, kumtenga au kumpendelea kwa sababu ya rangi, jinsia, dini, maoni ya kisiasa, asili ya taifa au asili ya kijamii, ikawa na matokeo ya kuua au kupunguza usawa wa nafasi kazini. Angalia maneno "ikawa na matokeo". Hawakusema mwajiri awe na chuki, wala awe amekusudia. Na mkataba wenyewe unasema kabisa kuwa neno ajira linahusu pia kuingia kazini, kwa hiyo yule anayesema sheria za kazi ni za waliokwisha ajiriwa anakudanganya.

Kila nchi ikachukua ile orodha ikaongeza yake. Tanzania kwenye Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 7, wameweka rangi, utaifa, kabila au sehemu mtu alikotoka, dini, siasa, jinsia, ujauzito, ndoa, majukumu ya kifamilia, ulemavu, VVU na Ukimwi, umri na hali ya maisha, halafu wakasema waziwazi kwamba "mwajiriwa" humo ndani ni pamoja na anayeomba kazi, na kwamba matangazo na vigezo vya kuchagua watu navyo vinahusika. Kenya wana Sheria ya Ajira ya 2007 kifungu cha 5, inamtaja kabisa mwajiriwa mtarajiwa, nao wameweka mpaka lugha. Uingereza wana Sheria ya Usawa ya 2010 yenye sifa tisa zinazolindwa. Afrika Kusini wana yao ya 1998, Marekani wana ya 1964 na nyingine zilizofuata. Kwa hiyo hatua ya kwanza kabisa, kabla hujamwita mtu mbaguzi, tafuta orodha ya nchi yako usome sababu yako imo au haimo. Dakika kumi tu.

Nasema hivyo kwa sababu watu wengi kila wakionewa wanaita ubaguzi, na hii inawaponza. Mpwa wa meneja kachukua nafasi yako, huo ni upendeleo, unaudhi, pengine unavunja kanuni za ofisi au sheria za utumishi wa umma, lakini kwenye orodha nyingi "sio ndugu wa bosi" haimo. Mpaka uonyeshe kwamba kwa kuchukuana ndugu kwa ndugu ofisi nzima imekuwa ya kabila moja, hapo sasa imegeuka ishu nyingine. Vivyo hivyo kukataliwa kwa kukosa leseni ya udereva kwenye kazi ya udereva, huo sio ubaguzi, hiyo ni kazi inadai chake.

Ubaguzi uko wa aina mbili na tangazo lako limebeba zote. Wa kwanza ni wa moja kwa moja, unasoma tu unauona: "awe msichana", "asiwe na ndoa", "ataje dini". Wa pili ni ule usio wa moja kwa moja, sharti linaonekana la wote, halimtaji mtu, ila ukiangalia nani anabaki nje unakuta kundi lilelile. Huu wa pili ndo mimi unanisumbua zaidi kwa sababu aliyeliandika sharti anaweza kulala usingizi mzito kabisa akijua yeye hana ubaguzi na mtu.

Kesi iliyofundisha dunia kuhusu huu wa pili ni ya Griggs dhidi ya kampuni ya umeme ya Duke Power, Mahakama ya Juu ya Marekani, 1971. Kwenye kituo kimoja cha umeme kule North Carolina weusi walikuwa wanawekwa idara moja tu, ya vibarua, na mwenye mshahara mkubwa kuliko wote kwenye idara hiyo alikuwa analipwa chini ya mwenye mshahara mdogo kuliko wote kwenye idara zingine. Sheria ya kukataza ubaguzi ikaanza kazi tarehe 2 Julai 1965. Siku hiyohiyo, sio wiki iliyofuata, kampuni ikaongeza sharti kwa waajiriwa wapya: ukitaka idara nzuri, juu ya cheti cha sekondari kilichokuwa kinatakiwa tayari, ufaulu na mitihani miwili ya akili na ufundi iliyonunuliwa tu sokoni. Kwenye karatasi sharti ni la wote, mweupe na mweusi. Ila kwa jinsi shule zilivyokuwa zimetengwa huko, weusi wenye cheti walikuwa wachache sana. Na kilichoimaliza kampuni ni kwamba wazungu walioajiriwa zamani bila cheti chochote walikuwa bado wako kwenye idara hizohizo, wanapiga kazi vizuri na kupandishwa vyeo. Sasa cheti cha nini? Majaji wote walioisikiliza walikubaliana, nia nzuri haimwokoi mwajiri kama sharti linafungia kundi nje na yeye hawezi kuonyesha linavyohusiana na kazi yenyewe.

Ukiielewa kesi hiyo umeelewa nusu ya somo. Nusu iliyobaki ni swali la kama kuna njia nyingine. Mwaka 1977 Mahakama hiyohiyo ilipata kesi ya Dothard dhidi ya Rawlinson, binti aliyekataliwa kuwa askari magereza Alabama kwa sababu sharti lilikuwa uwe na urefu wa futi 5 inchi 2 na uzito wa pauni 120, yeye uzito haukufika. Sharti hilo lilikuwa linawatoa nje asilimia 41 ya wanawake na chini ya asilimia 1 ya wanaume. Serikali ikajitetea kwamba kazi inataka nguvu. Jibu la majaji kwa lugha ya mtaani ni kwamba kama unataka nguvu pima nguvu, mbona unapima kimo? Miaka 40 baadaye, 2017, Mahakama ya Umoja wa Ulaya ikasema karibu yaleyale kuhusu polisi wa Ugiriki waliokuwa wanataka kila mwombaji, mwanaume na mwanamke, awe na mita 1.70, wakamkataa mwanamke mwenye 1.68. Sentimita mbili! Mahakama ikasema sio kila kazi ya polisi ni mieleka, na hata zile za nguvu unaweza kuwapa watu mtihani wa nguvu.

Ila nisiikate kesi ya Alabama nusu, maana ina upande mwingine. Kwenye nafasi za kugusana na wafungwa ndani ya magereza ya wanaume yenye ulinzi mkali, Mahakama ileile iliruhusu sharti la "mwanaume tu", kwa hali ya magereza hayo yalivyokuwa. Huo ndo mlango ambao karibu kila sheria imeuacha wazi: kama jinsia, dini, umri au chochote kile ni hitaji la kazi yenyewe, la ndani kabisa, ambalo ukilitoa kazi haifanyiki, basi sio ubaguzi. Mkataba 111 umeruhusu hivyo, Tanzania hivyohivyo, Kenya hivyohivyo. Mwigizaji wa kuigiza nafasi ya mama, sawa awe mwanamke. Imamu awe Mwislamu, mchungaji awe Mkristo, nani atabisha. Mhasibu wa taasisi ya dini je? Hapo nchi zinatofautiana, Marekani wanazipa taasisi za dini uhuru mkubwa mpaka kwa mhudumu wa jengo, wakati Ulaya tangu 2018 mahakama yao inasema taasisi isijiamulie yenyewe tu, hakimu anaruhusiwa kukagua kama kweli kazi hiyo inahitaji muumini.

Turudi kwenye tangazo lako sasa, sharti kwa sharti.

"Awe msichana." Kazi ni kupokea wageni na kutunza mafaili. Mwanaume hawezi? Utetezi wa kwanza utakaousikia ni "wateja wanapenda kupokelewa na mwanamke" na utetezi huo umekufa zamani. Mwaka 1971 mahakama ya rufaa Marekani ilisikiliza kesi ya mwanaume, anaitwa Diaz, aliyenyimwa kazi ya kuhudumia abiria kwenye ndege za Pan Am kwa kuwa ni mwanaume, kampuni ikaleta hadi daktari wa magonjwa ya akili aeleze jinsi abiria wanavyotulia wakihudumiwa na wanawake. Mahakama ikajibu kazi ya shirika la ndege ni kusafirisha watu salama, kupendezwa kwa abiria ni jambo la pembeni. Angalia aliyeshinda hapo ni mwanaume, kwa hiyo kaka zetu nao wakae wakijua sheria hii ni yao pia. Ubelgiji nako mkurugenzi wa kampuni ya milango ya gereji alisema hadharani hawezi kuajiri mafundi wenye asili ya Morocco kwa sababu wateja hawataki waingie majumbani mwao, na mwaka 2008 mahakama ya Ulaya ikasema kauli hiyo peke yake ni ubaguzi wa moja kwa moja, hata kama hajajitokeza mtu mmoja wa kusema mimi ndo nilinyimwa. Maana yake ni kwamba tangazo lenyewe linaweza kuwa kosa kabla hata hujatuma CV.

"Asiwe na ndoa wala mtoto mdogo." Hili ndo limeniudhi zaidi. Tanzania hali ya ndoa na majukumu ya kifamilia vimo kwenye orodha kwa majina yake, kwa hiyo hapo hakuna mjadala mrefu. Kenya hali ya ndoa imo kwenye Katiba ya 2010, ibara ya 27. Marekani sheria yao ya taifa haitaji ndoa, lakini isikupe shida, maana kuna mama mmoja, Ida Phillips, alikataliwa kazi kiwandani kwa kuwa ana mtoto ambaye hajaanza shule. Kampuni ikasema sisi hatubagui wanawake, tena wengi tuliowaajiri kwenye nafasi hiyo ni wanawake, na ilikuwa kweli. Sasa wanaume wenye watoto wadogo? Hao waliajiriwa bila kuulizwa. Mahakama ya Juu 1971 ikasema huwezi kuwa na sheria moja kwa akina mama na nyingine kwa akina baba. Kwa hiyo dada, ukiulizwa kwenye usaili "watoto unamwachia nani", jiulize kama aliyetoka humo kabla yako, mwanaume, naye kaulizwa.

"Umri 20 hadi 28." Hapa inategemea sana uko wapi. Mkataba 111 wenyewe haukutaja umri, uliziachia nchi ziongeze. Tanzania wameongeza, Kenya umekuja kwenye Katiba, Uingereza inalinda umri wowote, kijana na mzee. Marekani sheria yao ya umri ya 1967 inaanza kumlinda mtu akiwa na miaka 40, kwa hiyo wewe wa 34 ukiambiwa umezeeka kule sheria ya taifa inakuangalia tu, ungebaki kutegemea sheria za jimbo. Kiwango cha chini cha umri mara nyingi hakina shida kama kinatokana na sheria, mfano za kuzuia ajira ya watoto. Kiwango cha juu ndo kinatakiwa maelezo, na kwa mtu wa mapokezi sijawahi kuona maelezo yanayosimama. Wakikwambia wanataka mchangamfu, waite watu wawaone nani mchangamfu.

Na usidhani mambo yatabadilika kompyuta ikichuja badala ya mtu. Kuna kampuni ya kufundisha Kiingereza onlaini, iTutorGroup, programu yake ilikuwa imewekwa ikatae yenyewe wanawake wa miaka 55 kwenda juu na wanaume wa 60 kwenda juu. Iligundulikaje? Mwombaji mmoja alikataliwa, akatuma maombi yaleyale, kila kitu kilekile, akabadilisha tarehe ya kuzaliwa tu ajifanye mdogo, akaitwa usaili. Kampuni ililipa dola 365,000 mwaka 2023 kumaliza kesi na tume ya Marekani inayosimamia usawa wa ajira.

"Mwenye mvuto" na "picha ya mwili mzima". Sura na umbo kwenye orodha nyingi hazimo, Ufaransa ni moja ya nchi chache zilizoweka mwonekano wa mtu. Kwa hiyo mwajiri akisema "nadhifu, mwenye mavazi ya heshima" yuko salama. Shida ya "mvuto" ni kwamba ni neno la kufichia vitu: linaficha umri, linaficha rangi, ulemavu, ujauzito, hijabu. Mwaka 2015 Marekani kulikuwa na kesi ya binti aliyekataliwa duka la nguo la Abercrombie kwa sababu ya kitambaa cha kichwani, wakasema hakiendani na mwonekano wa duka, halafu wakajitetea kwamba yeye hakuwaambia ni cha dini. Mahakama ya Juu kwa majaji 8 kwa 1 ikakataa, kama kukwepa kitambaa hicho ndo ilikuwa sababu ya kumkataa basi hawawezi kujificha nyuma ya "hakutuambia". Kuomba picha peke yake nchi nyingi sio kosa, ila ni ushahidi. Mtu anayejua atakachopima kazini picha ya mwili mzima ya mtunza kumbukumbu anaipeleka wapi?

"Ataje dini." Sababu ya kuiuliza sijaiona. Kama ni ratiba za ibada, hilo unamuuliza mtu ukishampa kazi, mkapanga zamu.

"Kiingereza kama mzawa." Lugha ni hitaji halali kabisa kama kazi inaitumia, mtu wa mapokezi anaongea na wageni, hapo sawa. Kilichoharibu ni hilo "kama mzawa". Kuongea vizuri ni ujuzi unaopimika, kuzaliwa nayo ni asili ya mtu, na ukianza kupima asili umeshaingia kwenye orodha. Hata lafudhi, kama watu wanakuelewa vizuri, kuikataa tu kwa sababu inaonyesha unatoka wapi ni kutafuta kesi.

"Digrii na uzoefu wa miaka mitano." Hapa sitakudanganya mdogo wangu, hapa ndo uko dhaifu. Elimu na uzoefu havimo kwenye orodha, mwajiri akitaka digrii mara nyingi anaruhusiwa, hata kama mimi na wewe tunajua kazi hiyo wa cheti anaifanya vizuri tu. Ili uibebe kama ubaguzi lazima ufanye kilichofanyika kwenye kesi ya Griggs, uonyeshe sharti linaiondoa jamii fulani inayolindwa kwa wingi kuliko wengine, na waliopo kazini bila digrii wanafanya vizuri. Hiyo inahitaji takwimu na wakili, na bila hivyo utapoteza muda. Dawa yake ya kawaida ni kuomba hivyohivyo na kueleza uzoefu wako, waajiri wengi wakiona miaka sita ya kazi ileile digrii wanaisahau.

Kwenye tangazo lako afya haimo, ila naigusa kwa kuwa imeumiza wengi. Afrika Kusini kijana anaitwa Hoffmann aliomba kazi ya kuhudumia abiria kwenye shirika la ndege la taifa, akapita hatua zote nne za mchujo, daktari akamwona yuko fiti, damu ikapimwa ikakutwa na VVU, ripoti ikabadilishwa kuwa hafai. Shirika likaleta sababu za chanjo za safari na abiria kuogopa. Mahakama ya Katiba mwaka 2000 ikaangalia ushahidi wa kitabibu, ikaona yeye kwa hali yake wakati ule anaweza kazi, ikasema hofu za watu haziwezi kuwa msingi wa kumnyima mtu kazi, ikaamuru aajiriwe. Sio fidia tu, aajiriwe. Kwa hiyo fomu ikikuuliza una VVU au una mimba, jua unaulizwa kitu kizito. Uingereza na Marekani kwa kawaida mwajiri haruhusiwi kukuuliza habari za afya kabla hajakupa ofa, isipokuwa kujua kama utahitaji msaada kwenye usaili au kama unaweza jukumu fulani la msingi la kazi.

Na yapo yanayoonekana ubaguzi kumbe sio. Tangazo linalosema "wanawake na watu wenye ulemavu wanahimizwa kuomba" ni hatua za makusudi za kusawazisha zinazoruhusiwa Tanzania na Kenya, na Mkataba 111 nao una nafasi yake. Kuwapa raia kipaumbele kwa mujibu wa sheria za ajira za nchi, sawa. Nafasi za usalama wa taifa nazo zina utaratibu wake. Tofauti ya "wanahimizwa kuomba" na "wengine wasiombe" ni kubwa, usizichanganye.

Sasa unafanyaje. Kwanza skrinishoti, tangazo lote, tarehe ionekane na jina la aliyelitoa lionekane, kwa sababu matangazo ya hivi yanafutwa usiku mtu akishalalamika. Pili, kama kazi unaitaka, omba. Watu wanalikasirikia tangazo halafu hawaombi, kesho akiulizwa ulinyimwa lini anakosa jibu. Ila omba kama kweli unaitaka, maana mahakama ya Ulaya mwaka 2016 ilisema anayeomba kwa lengo la kupata fidia tu, kazi yenyewe haitaki, halindwi. Picha usiweke, dini usitaje, ndoa na watoto usitaje, jaza uwezo wako. Wakikupigia kuuliza vilivyokosekana, waombe kwa upole wakuandikie kwa meseji au imeili, kisha uwaulize vinahusiana vipi na kazi. Usigombane. Jibu lao la maandishi lina thamani kuliko hasira zako zote.

Wakikukataa, omba sababu kwa maandishi. Uzuri wa sheria hizi nyingi ni kwamba huhitaji kuingia kichwani mwa bosi kuthibitisha alichowaza. Tanzania na Kenya ukishaonyesha mazingira yanayoashiria ubaguzi, tuseme tangazo linasema asiwe na ndoa, wewe una ndoa, una uzoefu na umeachwa, mzigo unahamia kwake athibitishe kwamba hakubagua au kwamba sharti lilikuwa hitaji la kazi. Ndo pale aliyekopi na kubandika anapoanza kutoa jasho.

Muda usiuchezee. Tanzania migogoro ya kazi inaanzia Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na isiyo ya kuachishwa kazi muda wake kwa kawaida ni siku 60. Marekani malalamiko kwenye tume yao ni siku 180, au 300 kama jimbo lina chombo chake. Popote ulipo nenda ofisi ya kazi ya serikali au msaada wa kisheria ndani ya wiki mbili za mwanzo, na sio lazima uende kushtaki, kuna waajiri wengi tu wakipokea barua moja ya afisa kazi wanalirekebisha tangazo na kuongeza muda wa maombi. Shemeji mwambie asiwe na wasiwasi, barua kama hiyo haina ada ya mahakama wala haikuwekei alama ya msumbufu popote, na ikija majibu ya ajabu nitumie kama yalivyo, usiyafupishe.